WITCH: Bendi ya ujanani iliyorejea mashabiki wakiwa na mvi

KIJANA aliyekuwa na umri wa miaka 18 mjini Kitwe, Zambia, mnamo mwaka wa 1975, sasa amepindukia miaka 65. Yamkini ana wajukuu, na magoti hayamruhusu tena kucheza dansi hadi usiku wa manane. Lakini akilisikia gitaa la marehemu Chris Mbewe likikwaruza, na sauti ya Emanuel Chanda ikipenya nyuma yake, huenda akairejelea kwa muda ile jioni ya Jumamosi alipovaa suruali pana ya miguuni na viatu vya visigino virefu kwenda kuitazama bendi ya WITCH.

Kwa takriban miongo mitatu, msikilizaji kama huyo hakuwa na pa kuisikia bendi hiyo. Redio zilikuwa zimeacha kuipiga, santuri zilikuwa zimekwaruzika au kutupwa, na wanamuziki wenyewe walikuwa wakizikwa mmoja baada ya mwingine. Muziki huo ulipoibuka tena, haukutokea Kitwe wala Lusaka. Ulitokea Marekani na Ulaya, mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuiona bendi hiyo jukwaani.

Kisa cha WITCH ni kisa cha namna kizazi kinavyoweza kupoteza muziki wake wa ujanani, na gharama ya kuupata tena.

CHIMBUKO

Zambia ilijipatia uhuru Oktoba 24, 1964. Uchumi wake ulitegemea shaba iliyochimbwa katika mkoa wa Copperbelt, kwenye miji kama vile Kitwe, Ndola, Chingola na Mufulira. Miaka ya kwanza ya uhuru ilikuwa ya neema. Wachimba migodi walilipwa mishahara, na penye mishahara hapakosi vilabu, dansi na vijana wanaotamani gitaa.

Wageni waliofanya kazi migodini walikuja na santuri zao. Kupitia kwao na kupitia redio, vijana wa Copperbelt waliwafahamu Jimi Hendrix, Rolling Stones, Deep Purple, Black Sabbath na James Brown. Mwanzoni waliwaiga, wakiimba nyimbo za wenyewe neno kwa neno.

Hali ilibadilika Rais Kenneth Kaunda alipotoa amri kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Amri hiyo ililenga kukuza utamaduni wa taifa changa, na huenda serikali ilitarajia ngoma za jadi zitawale mawimbi ya redio. Vijana waliitii kwa namna yao. Walishika magitaa yaleyale ya umeme, wakatunga nyimbo zao wenyewe kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na kuzichanganya na midundo waliyoirithi kwa wazee wao. Mtindo huo ukaitwa Zamrock, yaani roki ya Zambia.

WITCH haikuwa peke yake. Kulikuwa na Musi-O-Tunya, kundi lililochukua jina la wenyeji la Maporomoko ya Victoria, lenye maana ya moshi unaonguruma. Kundi hilo lilipiga muziki Nairobi kwa kipindi fulani, kwani mji huo ulikuwa na studio na viwanda vya santuri vilivyowavutia wanamuziki wa ukanda mzima. Kulikuwa pia na Amanaz na Ngozi Family. Mzungumzaji wa Kiswahili asidhani hili la mwisho lilihusu ngozi ya mwili. Kwa Kinyanja, neno hilo lina maana ya ajali au hatari, na kiongozi wa kundi, Paul Ngozi, alilipigia gitaa lake kwa namna iliyolistahili.

JINA NA WANACHAMA

Neno ‘witch’ kwa Kiingereza ni mchawi, lakini wanabendi walilifanya kifupisho cha maneno matano, We Intend To Cause Havoc, yaani tunakusudia kuzusha rabsha. Wanachama wa kikosi kinachokumbukwa zaidi walikuwa watano: Chanda, aliyekuwa mwimbaji kiongozi, Chris ‘Kims’ Mbewe kwenye gitaa la solo, John ‘Music’ Muma kwenye gitaa la ridhimu, Gedeon ‘Giddy King’ Mwamulenga kwenye gitaa la besi, na Boidi Sinkala kwenye ngoma.

Chanda, aliyekulia Kitwe, alijulikana zaidi kwa jina la ‘Jagari’. Mashabiki walilitohoa kutoka kwa jina la Mick Jagger wa Rolling Stones, kwa sababu ya jinsi alivyorukaruka jukwaani. Maonyesho ya bendi hiyo yalikuwa marefu mno. Yaliweza kuanza saa moja jioni na kuendelea hadi saa nane za usiku.

Bendi ilitoa albamu tano katika kipindi cha Jagari. Ya kwanza, Introduction, hutajwa kuwa albamu ya kwanza ya bendi ya Zambia kuuzwa madukani, nayo ilifuatwa na In the Past mwaka wa 1974, Lazy Bones!! mwaka wa 1975, Lukombo Vibes mwaka wa 1976 na Including Janet mwaka wa 1977. Anayezisikiliza kwa mfuatano huo atautambua ukuaji wa bendi. Albamu za mwanzo ni mbichi, sauti imebanana, na gitaa limepitishwa kwenye kifaa kinachoifanya sauti yake iwe nzito na ya kukwaruza. Katika Lazy Bones!! wanamuziki wameiva, nao hawana haraka. Kufikia Lukombo Vibes, midundo ya Kiafrika imeshika usukani.

ANGUKO

Mambo yalianza kwenda mrama katikati ya miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilipanda kuanzia 1973, kisha bei ya shaba katika soko la dunia ikaporomoka. Nchi iliyokuwa ikila shaba ikaanza kukopa. Isitoshe, Zambia ilizungukwa na vita vya ukombozi nchini Rhodesia, Angola na Msumbiji, nayo ililipia msimamo wake wa kuwahifadhi wapigania uhuru. Kulikuwa na vipindi vya kafyu na kuzimwa kwa taa usiku, na bendi zililazimika kuhamishia maonyesho yao mchana.

Jagari aliiacha bendi na kuingia katika ualimu. Mwenye jukumu la kulisha familia hawezi kuishi kwa makofi ya mashabiki. Bendi iliendelea bila yeye, mpiga kinanda Patrick Mwondela akiwa miongoni mwa nguzo zake, na kugeukia disko iliyokuwa imeiteka dunia. Ilitoa Movin’ On mwaka wa 1980 na Kuomboka mwaka wa 1984, kisha ikanyamaza.

Kulikuwa na sababu nyingine za ukimya huo. Kanda zilirahisisha kazi ya wanaonakili muziki kwa wizi, na santuri hazikuwa na soko tena. Kisha likaja janga la Ukimwi, ambalo katika miaka ya 1980 na 1990 liliwaangamiza Wazambia wengi wa kizazi hichohicho, wakiwemo wanamuziki wengi wa Zamrock. Paul Ngozi alifariki mwaka wa 1989. Kati ya wale watano wa WITCH, alibaki mmoja tu: Jagari.

Naye alikuwa mbali na jukwaa. Alikuwa ameokoka, na alitafuta riziki kwa kuchimba vito vya thamani. Mwimbaji aliyewahi kujaza kumbi alishika sururu na kuteremka shimoni, katika nchi ambayo vijana wake hawakumjua.

KUGUNDULIWA UPYA

Wakati huo, santuri chache zilizosalia zilikuwa zimeanza safari yake. Wakusanyaji wa santuri nadra wa Ulaya na Marekani walizinunua kwa bei ambazo mnunuzi wa kwanza wa Kitwe hangeziwazia. Mtandao wa intaneti uliieneza habari, na kampuni ndogondogo zikaanza kuzichapisha upya. Mnamo 2012, kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilizikusanya rekodi za bendi hiyo na kuzitoa pamoja chini ya anwani We Intend to Cause Havoc!

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 2014, Mwitaliano Gio Arlotta alisafiri hadi Zambia kumtafuta Jagari. Safari hiyo ilizaa filamu ya makala kuhusu bendi hiyo, iliyotolewa 2019, na pia ilizaa bendi mpya. Jagari na Mwondela walijiunga na wanamuziki vijana wa Ulaya, miongoni mwao Mholanzi Jacco Gardner, ambao walikuwa wamejifunza nyimbo za WITCH kutoka kwenye santuri. Mnamo 2017 walizuru Ulaya. Mzee aliyepita umri wa miaka sitini alisimama mbele ya umati wa vijana waliozijua nyimbo zake.

Mwaka wa 2021 wanamuziki hao walirejea Lusaka, katika studio za DB ambako Lazy Bones!! ilirekodiwa. Matunda yake yalikuwa Zango, albamu iliyotoka 2023, takriban miaka 40 baada ya Kuomboka. Mmoja wa walioshirikishwa ni Sampa the Great, msanii mzaliwa wa Zambia aliye na umri wa kuwa mjukuu wa Jagari. Albamu nyingine, Sogolo, ilifuata mwaka wa 2025. Mwaka mmoja kabla ya hapo, msanii wa Marekani Tyler, the Creator alikuwa ametumia kipande cha rekodi ya Ngozi Family katika wimbo wake Noid, na mamilioni ya vijana wakamsikia Paul Ngozi miaka 35 baada ya kifo chake.

NANI ANAYEFAIDIKA?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kisa cha WITCH kinaigeuza methali hiyo. Wanamuziki hao walicheza kwao, wakashangiliwa kwao, lakini tuzo ilitoka ugenini, nayo ilimfikia mmoja baada ya wenzake kufukiwa.

Swali la tuzo si la hisia pekee. Bendi huwa na mali ya aina mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti za wimbo, na kuna rekodi, yaani tendo lenyewe lililonaswa studioni. Mali hizo huweza kuwa na wenyewe tofauti, na kila mmoja ana haki yake. Mwanamuziki akifa bila kuacha hati wala mkataba, mjane na watoto wake hupata shida kuthibitisha kwamba gitaa linalosikika duniani kote ni la marehemu wao. Nyimbo hurudi, lakini malipo huweza kukosa njia ya kufika nyumbani.

Jambo hili halipaswi kuonekana la Zambia pekee. Rekodi za bendi za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 nazo zimewahi kukusanywa ng’ambo. Mkusanyiko wa Kenya Special ulitolewa na kampuni ya Soundway ya Uingereza mnamo 2013. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi nayo hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa. Hii ina maana kwamba ulinzi wa rekodi za miaka ya 1970 unafikia ukomo wake huku wajane na watoto wa watunzi wangali na haki katika utunzi. Familia yenye daftari la nyimbo, mkataba wa zamani au risiti ya studio ina ushahidi mkononi, hata kama karatasi hizo zinaonekana kuwa takataka.

KUMBUKUMBU YA ANAYESIKILIZA

Anayeipata tena bendi ya ujana wake hukutana na mambo mawili. Kwanza ni furaha ya kugundua kwamba hakudanganywa na ujana, kwamba muziki ule ulikuwa mzuri kweli. Kisha huja uchungu, kwa kuwa kila ala anayoisikia ina mtu nyuma yake, na wengi wa watu hao hawapo. Msikilizaji wa Amsterdam au Chicago huipata furaha bila uchungu, kwa sababu kwake bendi hiyo ni mpya. Mzee wa Kitwe hulazimika kuvipokea vyote viwili.

Ndiyo maana ushuhuda wake una thamani ambayo mkusanyaji wa ng’ambo hawezi kuinunua. Ni yeye anayejua ni ukumbi gani uliojaa, wimbo upi ulichezwa mara tatu, na nani alipiga ngoma siku mpigaji wa kawaida alipougua. Santuri huweza kunakiliwa upya hata baada ya miaka 40. Anayeyakumbuka hayo akifariki kabla ya kuulizwa, hakuna kampuni ya Los Angeles itakayoyarejesha.