Kengele na Maana: Upekuzi wa Maneno ya Chuki Nairobi

Programu ya grep, aliyoitunga Ken Thompson nchini Marekani mnamo 1973, hupekua faili na kutoa kila mstari wenye neno litafutwalo. Ikiunganishwa na amri ya kengele, kompyuta hulia. Hata hivyo, mradi wa Umati ulipoanza kufuatilia kauli za chuki mtandaoni mwaka 2012, katika iHub, Barabara ya Ngong, ulitegemea wasomaji wazijuao lugha za wananchi. Hekima yake yaonekana katika neno “madoadoa”, ambalo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia katika orodha ya tahadhari mwaka 2022. Kwa chui, madoadoa ni pambo. Katika mapigano ya Bonde la Ufa ya miaka ya 1990, majirani walioitwa hivyo walifukuzwa makwao. Kengele hulia sawa kwa yote mawili. Kupambanua ni kazi ya msomaji.