Pikapu Kuukuu Mchangani: Kutoka Jangwa la Libya hadi Kamina

Ufundi wa kuandaa gari kuukuu la mizigo lipite mchangani ulistawi Afrika Kaskazini katika miaka ya 1920, wakati gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lilikuwa adimu. Citroën ya Ufaransa ilichagua njia ya gharama. Tarehe 28 Oktoba 1924 magari yake manane, yenye mikanda ya mpira nyuma badala ya magurudumu, yaliondoka Colomb-Béchar nchini Algeria, yakavuka Sahara na kufika Kongo, na mwaka uliofuata msafara ukaishia Madagaska. Ilikuwa safari ya kusifiwa, lakini ghali mno kwa mfanyabiashara wa kawaida.

Njia iliyodumu ilitoka kwa Ralph Bagnold, afisa wa Uingereza aliyekuwa Misri. Katika Jangwa la Libya yeye alitumia Ford za kawaida, kwanza Model T na baadaye Model A, zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupunguza: kila kisichosaidia safari kiling'olewa. Ya pili ilikuwa kutoa upepo. Tairi lililojaa sana huchimba mchanga likazama. Lililolegezwa hurefuka pale linapogusa ardhi, uzito ukatawanyika na gari likapita juu. Ya tatu ilihusu maji. Rejeta ilipochemka, mvuke haukuachwa upotee. Bomba la mpira liliupeleka kwenye debe lililofungwa pembeni ya gari, lenye maji kidogo ndani. Humo ukageuka maji, na injini ilipopoa rejeta ikayafyonza tena. Debe lenyewe likianza kuchemka, dereva aligeuza gari lielekee upepo akasubiri. Chupa ya akiba ya maji iliyo kando ya rejeta ya gari la leo hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Bagnold alipounda kikosi cha doria za jangwani mjini Cairo mnamo Julai 1940, mbinu hizo zilihamia kwenye malori ya Chevrolet ya tani moja na nusu. Milango iliondolewa, springi zikaongezwa vyuma, na mabati marefu ya kukanyagia yakafungwa ubavuni. Mwaka 1941 kikosi kilipewa Ford zinazovuta kwa magurudumu manne. Zilikuwa nzito na zenye kula mafuta mengi, na mwaka uliofuata kikarudi kwenye Chevrolet za magurudumu mawili. Tukio hilo linastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba nguvu ya injini ndiyo dawa ya mchanga.

Wakongo nao waliijua Sahara. Mwaka 1943 sehemu ya askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, ilisafiri kwa malori kutoka Nigeria hadi Misri, mwendo wa maelfu ya kilomita.

Kamina yenyewe haiko jangwani. Ni mji wa reli kusini mwa Kongo, uliokua kwenye njia ya Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, iliyofunguliwa mwaka 1928. Mizigo mizito ilipita kwenye reli, na gari lilikuwa msaidizi tu. Reli ilipochakaa, barabara za udongo zilibebeshwa kazi ambayo hazikutengenezewa. Wakati wa masika ni tope. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, magurudumu husaga udongo ukawa vumbi na mchanga mlaini, na hapo maarifa ya Libya yanahitajika sawasawa.

Magari ya kazi hiyo yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, na kuanzia 1952 kampuni ya Minerva iliiunganisha Ubelgiji kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo. Toyota ilianza kutumia jina Land Cruiser mwaka 1954, ikatoa familia ya 70 mwaka 1984, na mwaka 1990 ikaitia injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, isiyo na turbo. Pikapu za familia hiyo ndizo zinazofaa zaidi kuandaliwa upya, kwa sababu chesisi ni imara na injini hurekebishika bila kompyuta.

Kosa kubwa hufanyika kwenye springi. Fundi akiongeza vyuma viwili vitatu, gari huinuka na kubeba zaidi, lakini mshtuko uliokuwa ukimezwa na springi huhamia kwenye chesisi, nayo hupasuka karibu na vishikio vyake. Uzito ubaki ule ambao gari liliundiwa. Chujio la hewa nalo linataka uangalifu: lile la zamani hupitisha hewa kwenye oili inayonasa vumbi, na oili ikigeuka tope, vumbi huanza kula pistoni. Bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa husaidia kwenye vumbi la msafara kama linavyosaidia mtoni.

Tairi jembamba na refu la 7.50-16 lenye tyubu linafaa, kwani hufunguliwa njiani kwa vyuma vya mkono na tyubu ikazibwa. Lakini likilegezwa kupita kiasi huteleza kwenye rimu na kung'oa vali ya tyubu, na likiendeshwa hivyo kwenye njia ngumu hupata moto likachanika. Ndiyo maana mwenye pikapu kuukuu na fedha kidogo anunue kwanza kipimo cha upepo na pampu nzuri, kabla ya winchi, taa za ziada au springi mpya.