Barua Yako Inalala Wapi?

Leo nataka tuzungumzie barua pepe. Najua wapo watakaouliza: hilo nalo ni jambo la kupeleka redioni? Naam, ni jambo. Mtu wa mjini siku hizi ana simu mfukoni, ana kompyuta ofisini, na pengine nyumbani ipo nyingine inayogombewa na watoto. Barua ni zile zile, vyombo ni vitatu. Asubuhi anaisoma barua kwenye simu, akifika ofisini haioni. Anaifuta huku, kule bado ipo. Anajibu kwa kompyuta, kisha akiwa safarini analitafuta jibu lake kwenye simu, wapi! Halimo.

Wengi hudhani simu ni mbovu, au fundi amewachezea. La hasha. Vurugu hizi zina historia yake, na anayeijua historia hiyo hapati taabu kubwa kuzimaliza.

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1965, katika chuo cha MIT huko Marekani, vijana wawili, Tom Van Vleck na Noel Morris, walitunga programu ya kuachiana ujumbe ndani ya kompyuta moja iliyotumiwa na watu wengi. Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson wa kampuni ya BBN akatuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao wa ARPANET. Ndiye aliyeichagua ile alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta anakopokelea barua.

Wakati ule tatizo letu la leo halikuwapo. Kompyuta zilikuwa kubwa, za gharama, zenye kutumiwa na watu wengi kwa pamoja. Barua zilikaa humo humo, na aliyetaka kuzisoma alizifuata, kwa kuketi mbele ya kioo kilichounganishwa na kompyuta hiyo. Akihamia kioo cha chumba cha pili, barua zilikuwa zile zile.

Mambo yalibadilika miaka ya 1980, zilipoenea kompyuta ndogo za mezani. Hizi jioni huzimwa. Sasa barua ikija usiku, nani aipokee? Oktoba 1984, Joyce Reynolds wa taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Southern California alichapisha utaratibu uitwao POP. Herufi hizo tatu, ukizifumbua, maana yake ni utaratibu wa posta.

Na posta ya namna hiyo sisi wa Afrika Mashariki tunaielewa vizuri. Uingereza tarishi humpelekea mtu barua mlangoni. Kwetu, kwa sehemu kubwa, barua huishia kwenye sanduku la posta. Mwenye ufunguo huenda kwenye S.L.P. yake, akafungua, akazoa barua zote, akaondoka nazo. Sanduku hubaki tupu. Ndivyo POP ilivyozoea kufanya: kompyuta yako huenda kwenye kompyuta kuu ya kupokelea barua, ambayo mafundi huiita seva, huzichukua barua, na kule zikafutwa. Kwa mtu mwenye kompyuta moja, hakuna ubaya. Kwa mwenye vyombo vitatu, ni sawa na ndugu watatu wenye ufunguo wa sanduku moja. Anayewahi ndiye anayepata, wengine wakute vumbi.

Mwaka 1986, Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford alilitazama jambo kwa upande wa pili. Kwa nini barua ihame? Iache posta, mwenyewe aisome huko huko. Hata alama ya kuonyesha kwamba barua hii imesomwa, ile imejibiwa, iwekwe kule kule. Utaratibu wake ndio IMAP, na toleo lake la nne, ambalo ndilo msingi wa linalotumika sasa, lilichapishwa Desemba 1994. Kwa utaratibu huu barua ina makazi mamoja, ila madirisha ya kuitazamia yanaweza kuwa mengi upendavyo.

Kama wazo lilikuwa zuri hivyo, kwa nini POP ilitawala miaka mingi? Sababu ni fedha. Miaka ya 1990 aliyetaka barua pepe alipiga simu kwa modemu, na kila dakika ililipiwa. Busara ilikuwa kupiga, kuzoa, kukata, kisha kusoma taratibu. Tena nafasi kwenye seva ilikuwa finyu. Hotmail, iliyoanza Julai 1996, hata kufikia mwanzoni mwa 2004 ilimpa mteja asiyelipa megabaiti 2 tu. Aprili 2004 Google ilipoanzisha Gmail kwa gigabaiti 1, kiasi cha mara 500 ya hizo, ndipo wengi walipoona kwamba barua yaweza kubaki seva bila kusongwa.

Hapo pana kichekesho. Hotmail na Yahoo, zilizojaza watu katika vibanda vya intaneti vya miji yetu, zilifuata wazo lile lile la kuiacha barua mahali pamoja. Hivyo mwanafunzi aliyekodi kompyuta kwa nusu saa Kariakoo, akiikosa ile ya kushoto alikaa ya kulia, na barua zake zote alizikuta. Mkurugenzi mwenye kompyuta yake mezani, iliyounganishwa kwa POP, ndiye aliyekuwa akitembea bila barua.

Msidhani hayo yamepita. Mhasibu wa kampuni ndogo ya uwakala wa forodha alinisimulia yaliyomkuta. Barua za wateja za miaka mitatu zilikuwa zikishushwa kwa POP kwenye kompyuta moja ya ofisi. Siku diski ilipokufa, mteja alikana makubaliano ya malipo, na wao hawakuwa na karatasi wala barua ya kumwonyesha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila lililala mahali pamoja pabaya.

Basi tufanyeje? Kwanza, unapounganisha simu au kompyuta na anwani yako, ukiulizwa uchague POP au IMAP, chagua IMAP, na uchague hiyo hiyo kwenye vyombo vyote. Kama ofisi yako ina POP pekee, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuacha nakala kwenye seva, uiwashe.

Pili, ujue kwamba kwenye IMAP ukifuta barua kwenye simu umeifuta kila mahali. Usimpe mtoto simu achezee, halafu ukamlaumu fundi.

Tatu, barua ya ajira, ya kiwanja, ya mkopo au ya matibabu, weka nakala yake kwenye diski ya pembeni, au uichape kwenye karatasi. Seva ni ya watu wengine. Ukisahau neno la siri au akaunti ikifungwa, utabaki mlangoni.

Nne, na hili ndilo zito: kila chombo ulichokiunganisha ni ufunguo wa sanduku lako. Simu ikiibwa, mwizi ameondoka na ufunguo. Ifunge simu kwa namba ya siri. Washa ulinzi wa hatua mbili. Ukipoteza chombo, ingia kwenye akaunti kwa chombo kingine, tazama orodha ya vilivyounganishwa, ukiondoe, kisha ubadili neno la siri. Pia hakikisha namba ya simu uliyoiandikisha humo bado ni yako, maana namba iliyoachwa huweza kupewa mtu mwingine.

Posta yetu ya zamani ilitufundisha kutouacha ufunguo wa S.L.P. mezani kwa jirani. Sanduku limebadilika, funguo zimeongezeka, na anayepaswa kuzihesabu ni mwenye barua. Jioni ya leo zihesabu za kwako.