Babu Asiyeonekana Kitabuni



Wapendwa Taifa la Mungu, juma lililopita tulitembelewa ofisini na mzee mmoja wa kigango chetu. Alitaka kumwombea Misa babu yake mzaa baba, aliyekuwa kijana wakati wa Vita vya Maji Maji. “Baba Paroko,” alisema, “tunalijua jina la ukoo tu. Jina lake la ubatizo hakuna anayelikumbuka.” Tukaanza kumtafuta.

Kanisa linayo mazoea ya kale ya kuandika majina. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko waandike ndoa. Kitabu cha Ibada cha mwaka 1614 kikapanua agizo hilo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Wanaotafuta mababu zao huko Uskochi hutegemea vitabu vya namna hiyo hiyo kwa watu wa kabla ya mwaka 1855, serikali ilipoanza kuandikisha vizazi na vifo. Nako pia kurasa nyingi hazipo.

Kwetu Songea ugumu una sababu zake. Kwanza, Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Aliyefariki kabla ya hapo hawezi kuwamo kitabuni. Pili, mwaka 1905 vita vililipuka. Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake njiani, na misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu hapa Songea. Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera aliwabatiza wale waliokubali kabla ya kunyongwa. Kisha ikaja njaa, na wengi walizikwa bila mtu wa kuwaandika. Tatu, Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari Wajerumani, na makatekista wakabaki kulinda imani.

Tena kuna jambo ambalo hatulisemi kwa sauti. Wangoni walipofika nchi hii waliwachukua mateka wengi, wakawaingiza katika koo zao. Kwa hiyo jina la ukoo humwonyesha mtu alikolelewa, wala si lazima limwonyeshe aliyemzaa. Ni urithi wa kweli, lakini si ushahidi wa damu.

Katika kitabu cha zamani tuliona mtu mwenye jina la ukoo lile lile. Mzee alifurahi mno, akataka tumwandikie cheti siku hiyo hiyo. Ilituuma kumkatalia. Nafasi ya jina la baba ilikuwa tupu, na kijiji hakikuwa chake. Tungempa babu wa mtu mwingine.

Tukarudi nyuma kwa njia nyingine: tukatafuta ubatizo wa baba yake mzazi. Huo tuliupata. Pembeni, kama sheria inavyodai, imeandikwa ndoa yake, na majina ya wanawe yalilingana na tunayoyajua. Na kwenye nafasi ya baba, kwa wino uliofifia, lipo jina la babu: la Kingoni tupu, bila jina la ubatizo. Mzee aliliweka kidole, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Basi hakubatizwa?” Tulimjibu kwamba ukurasa hausemi hivyo. Unasema tu kwamba alimleta mwanawe kwa Kristo, au hakumzuia.

Ndugu zetu wa ukoo wa Nduna Songea Mbano nao bado wanatafuta. Mnamo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la shujaa huyo. Kumbe kumjua babu alipo ni haki ya moyo wa mwanadamu, maskini na mkuu sawasawa.

Biblia nayo inajua uchungu huu. Katika kitabu cha Ezra wapo waliotafuta majina yao katika orodha za nasaba wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Lakini Bwana wetu aliwataka wanafunzi wafurahie majina yaliyoandikwa mbinguni. Vitabu vyetu vina mapengo. Kile cha Mungu hakina.

Basi tunawasihi, wapendwa: andikeni majina ya wazee wangali hai, pamoja na kijiji na kigango. Anayetafuta aende parokia mama alikobatiziwa mtu, kwa kuwa vigango vya zamani vimekuwa parokia, na Kigonsera sasa ni ya Jimbo la Mbinga. Akumbuke pia kwamba Johannes, Yohana na John huweza kuwa mtu mmoja.

Misa ya mzee wetu tutaiadhimisha Jumamosi asubuhi. Tutalitaja jina lile la Kingoni, kama lilivyoandikwa.

Mungu awabariki nyote.