Farasi 64

Aprili 1993 kampuni ya Subaru ilileta kwenye Safari Rally magari matatu ambayo ukiyakuta leo yamepaki kando ya Uganda Road utadhani ni ya mama kwenda sokoni. Yaliitwa Vivio. Injini yake ilikuwa ya cc 658, na toleo la dukani lilikuwa na uzito wa kama kilo 700 tu. Jina lenyewe lilikuwa mchezo wa namba: VI, VI, O. Soma kwa Kirumi, unapata 660, ambao ndio ujazo wa juu kabisa ambao sheria ya Japani iliruhusu kwa magari ya daraja hilo dogo. Juu ya hiyo sheria, watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kwamba gari la daraja hilo lisiuzwe likiwa na zaidi ya nguvu za farasi 64.

Hiyo namba mtu wa Eldoret hawezi kuipita bila kutabasamu. Mji wetu kabla haujaitwa Eldoret mwaka 1912 uliitwa 64, na wazee bado wanasema Sisibo, yaani "sixty-four" ikitamkwa na mdomo wa nyumbani. Wengine wanasema ni namba ya shamba, wengine wanasema ni maili kutoka reli ya Kibigori. Vyovyote vile, farasi 64 walikuja Kenya kupambana na barabara zetu, na hadithi yao inafundisha kitu kuhusu hewa ya huku juu ambacho matangazo ya vipuri hayakuambii.

Madereva walikuwa watatu. Colin McRae, Mskoti wa miaka 24 ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Masashi Ishida wa Japani. Na Patrick Njiru, Mkenya. Safari ya enzi hizo haikuwa hii ya Naivasha ya tangu 2021, ya vipande vifupi vilivyofungwa. Ilipita kwenye barabara za kawaida, na ng'ombe na matatu na watoto wa shule, kwa maelfu ya kilomita. McRae aliendesha ile Vivio kwa spidi iliyoshangaza watu, kisha gari likamkatalia njiani. Ishida naye hakufika. Njiru alifika. Alimaliza nafasi ya 12 kwa jumla na akashinda daraja la A5, la injini ndogo. Mbele kabisa alikuwa Juha Kankkunen na Toyota Celica, na Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, ya tatu ikiwa ya Mkenya mwingine, Ian Duncan.

Sasa muulize kijana yeyote mpenda magari kuhusu Vivio ya Safari. Uwezekano mkubwa atakutajia McRae. Aliyefika hatajwi sana.

Nimeirudia hadithi hii kwa sababu ya binamu yangu. Ana Mini Cooper S ya 2005, mkono wa tatu, injini ya 1.6 yenye supachaja. Kila wiki anaenda Nakuru na kurudi. Amekusanya pesa za kubadilisha intakula, ile kama rejeta ndogo inayopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, na pesa yenyewe ni ya mara moja. Akikosea hakuna nyingine mpaka mwakani. Swali lake lilikuwa fupi: "Sasa nichukue gani? Ile kubwa ya mbele ama ile ya juu?" Fundi wake alikuwa amemwambia kubwa ndiyo dawa. Tangazo alilotumiwa na muuzaji lilisema hivyo hivyo. Na kwa bei yake, intakula kweli itakula.

Kumjibu ilibidi nianze na hewa.

Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari. Hewa ya hapa ina shinikizo la karibu asilimia 78 ya lile la Mombasa. Hata ukihesabu kwamba huku kuna baridi, na baridi hubananisha hewa, kila lita ya hewa unayovuta Eldoret ina uzito wa karibu moja ya tano pungufu kuliko ya Mombasa. Wanariadha wanakuja Iten kwa sababu hiyo hiyo: mwili ukikaa kwenye hewa nyembamba hujifunza, unaongeza damu. Injini haijifunzi. Ikipata hewa pungufu inachoma mafuta pungufu, na nguvu inashuka.

Tatizo hili lina historia ndefu kuliko magari ya Kijapani. Mwaka 1918 mhandisi wa General Electric, Sanford Moss, alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha mlima Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,300 juu. Chini, injini hiyo ilitoa farasi 350. Kileleni ilitoa 230 tu. Moss akaifunga turbo yake, na injini ikatoa 356 pale pale kileleni. Yaani kusukuma hewa ndani ya injini, jambo ambalo sisi tunalihusisha na vijana wa kukimbiza Subaru usiku, lilikomaa kwa ajili ya watu wanaoenda juu. Mtu wa Eldoret ana haki nalo kuliko mtu wa London.

Lakini turbo na supachaja si ndugu pacha. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka. Hewa ikiwa nyembamba, turbo yenye udhibiti mzuri inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kufidia. Supachaja inazungushwa na mkanda kutoka kwa injini yenyewe. Injini ikizunguka mara elfu tatu kwa dakika, supachaja inazunguka kwa kiasi kile kile, iwe Likoni au Kapsoya. Haina habari kwamba umepanda mlima. Inazidisha shinikizo inalolikuta, basi. Ikikuta dogo, inazidisha dogo. Ndiyo maana Mini ya binamu yangu imekuwa mzembe huku tangu siku alipoinunua, na hakuna kilichoharibika.

Mafundi wanajua dawa moja ya hili: badilisha puli, weka ndogo, supachaja izunguke haraka zaidi. Inafanya kazi. Lakini hewa ukiibana inapata moto. Ukishawahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi, unajua. Chukua hesabu ya kukadiria, hewa ya Eldoret ikiwa nyuzi 20, na supachaja isiyo na ufanisi mkubwa, kama asilimia 60. Ikizidisha shinikizo mara 1.7, hewa inatoka ikiwa na nyuzi 100 hivi. Ukitaka kurudisha shinikizo ambalo gari lingekuwa nalo Mombasa, lazima uzidishe karibu mara 2.15. Sasa hewa inatoka na nyuzi karibu 140. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo sehemu ya ile faida uliyotafuta imepotea, na mbaya zaidi, mafuta yanaanza kulipuka kabla ya wakati. Injini inagonga. Ukisikia mlio kama kokoto kwenye kopo unapopanda mlima, hapo pistoni zinaumia.

Hapo ndipo intakula inaingia. Ikiweza kuondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka, zile nyuzi 100 zinashuka hadi kama 44. Hewa inabanana kwa zaidi ya asilimia 15, bila kuzungusha kitu chochote haraka zaidi. Kwa supachaja ya mkanda huku juu, joto ni kitu kimoja unachoweza kukirudisha bila kuilazimisha injini.

Kwa hiyo kubwa ndiyo dawa? Hapa ndipo mimi na fundi tulitofautiana.

Wamarekani walilipitia swali hili kwenye vita vya pili vya dunia. Ndege ya P-38 Lightning mwanzoni ilipoza hewa yake kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Nguvu za injini zilipoongezwa, mpangilio ule ukawa kizuizi: haukuweza kupoza vya kutosha, na injini haikuweza kutumia nguvu zake zote. Toleo la J la mwaka 1943 likahamisha vipozeo hadi chini ya pua za injini, mahali penye upepo. Ukubwa ulikuwa na maana, lakini mahali, na upepo unaopita hapo, vilikuwa na maana vile vile.

Tazama barabara ya binamu yangu. Kutoka Nakuru anapanda hadi Timboroa, ambako reli yetu inafika mita 2,785, kisha anashuka Burnt Forest hadi nyumbani. Anapanda nyuma ya malori ya Uganda yanayotambaa, mguu umekandamiza mafuta, spidi 30. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa intakula ya juu ya injini, ya kiwandani. Inakaa juu ya chuma cha moto, inategemea upepo kutoka tundu la boneti, na upepo haupo. Inageuka kuwa hita. Vivio ya dukani nayo ilikuwa na tundu hilo hilo kwenye boneti, kwa kazi hiyo hiyo.

Ile ya mbele, nyuma ya bampa, iko mbali na moto wa injini. Upande huo fundi ana haki. Lakini paipu zake ni ndefu, na kila kona na kila mita ya paipu inakula shinikizo, na shinikizo ndicho kitu tunachokosa huku. Inasimama mbele ya rejeta, kwa hiyo rejeta inapata upepo uliokwisha kupashwa moto, kwenye mlima ule ule. Na iko chini, mbele, kwenye nchi ya matope ya Aprili na mawe yanayorushwa na magurudumu ya malori. Bampa lazima likatwe. Kwa gari la mashindano linalohudumiwa na mafundi kila baada ya saa mbili, sawa. Kwa gari la kazi, linaloegeshwa nje na kukaguliwa wakati mtu ana pesa, ni mzigo.

Nikamwambia binamu achukue ya juu, iliyo nene kidogo kuliko ya kiwandani na yenye matenki ya alumini, isiyo na misemo mikubwa. Kabla hata ya hapo, achunguze vitu viwili visivyogharimu sana. Cha kwanza ni ile sponji inayoziba kati ya boneti na intakula. Ikiwa imeoza, upepo kutoka kwenye tundu unapita pembeni na hakuna intakula duniani itakayosaidia. Cha pili ni zile buti za mpira za pande mbili. Zikichanika, hewa uliyoibana kwa taabu inavujia nje. Puli aache ilivyo. Nguvu ambayo Eldoret imemnyang'anya hatairudisha yote, na akijaribu kuirudisha yote kwa puli atalipa kwa pistoni.

Hakupenda sana. Alisema nimemchagulia gari la mzee.

Nilimtajia Njiru. Sidai kwamba najua alichokuwa akiwaza kwenye usukani wake mwaka ule. Kitu ninachoweza kukisema ni matokeo, na matokeo yapo kwenye rekodi. Magari matatu ya aina moja yalianza, injini ndogo, supachaja, tundu la boneti. Kanuni za mashindano zilizidisha ujazo wa injini zinazosukumiwa hewa kwa 1.7, kwa hiyo cc 658 zikahesabiwa kama 1,119 hivi, na bado gari lilibaki kwenye daraja la wadogo. Madereva wawili waliotoka nje hawakufika. Aliyekulia kwenye hewa hii na barabara hizi alifika, na nyuma ya jina lake kwenye rekodi kuna namba 12 na ushindi wa daraja.

Sisi vijana tunanunua magari yaliyobuniwa karibu na usawa wa bahari, tunayafunga vipuri vilivyopimwa huko huko, kisha tunajiuliza kwa nini hayafanyi kama yalivyoahidiwa. Hakuna aliyetudanganya. Vipimo vile ni vya kweli, ila ni vya hewa ya wengine. Miaka zaidi ya 30 iliyopita Mkenya mmoja alichukua gari lililobuniwa kwa vichochoro vya Tokyo akalifikisha mwisho wa Safari. Binamu yangu naye ana Timboroa ya kupanda kila wiki, na anachotakiwa kufanya ni kufika.