Pori, Posho na Kirongozi: Habari za Msafara wa 1875 kati ya Ugogo na Iramba

Katika madarasa yetu habari za misafara ya zamani hufundishwa mara nyingi kwa majina ya wakuu wake na miaka waliyopita. Mtoto hujifunza kwamba fulani alitoka Bagamoyo, akafika ziwani. Lakini njia yenyewe, na miguu iliyoipita, hasikii habari zake. Twapenda hapa kuitazama sehemu moja ya safari ya H. M. Stanley, yaani ile iliyopita kati ya Ugogo na Iramba katika miezi ya Januari na Februari 1875. Sehemu hiyo yatuhusu sisi wa upande huu wa Singida. Tena yaonyesha jambo ambalo vitabu hulipita upesi, ya kwamba pori halikuwaua watu kwa kukosa njia, bali kwa kuwa wenye kulijua hawakuwapo, au walikuwapo wasiulizwe.

Kwanza tuyaangalie maneno, maana neno likitumiwa ovyo na habari huharibika. Wafasiri wa Maandiko walipotafuta jina la mahali pasipokaliwa na watu walichukua nyika na jangwa. Maneno hayo yafaa kwa nchi ya Yudea na Sinai, lakini hayatoshi kwa nchi zetu. Jangwa ni ukavu usioota kitu. Nyika ni nchi ya miiba na vichaka, kama ile iliyo nyuma ya pwani. Mbuga ni uwanda ulio wazi, ambao mara nyingi hujaa maji wakati wa mvua, kama Wembere. Pori ni nchi iliyo kati ya makao na makao: hapana shamba wala nyumba, lakini mwindaji na mrina asali wanaijua, nao wana majina ya visima vyake na vilima vyake. Basi mtu asemaye kwamba pori ni mahali patupu, asema tu kwamba yeye mwenyewe hapajui.

Lugha ya misafara nayo ilikuwa na hazina yake. Aliyechukua mzigo ni mpagazi. Aliyetangulia kuonyesha njia ni kirongozi. Msimamizi wa kikosi ni mnyapara. Chakula cha siku ni posho. Ushuru wa kupita katika nchi ya mtu ni hongo. Lilikuwako pia neno kutelekeza, ambalo maana yake ya siku hizi yaweza kumpoteza msomaji. Katika misafara kutelekeza kulikuwa ni kupika na kunywa maji mchana, kisha kuondoka jua lilipoanza kupungua, na kwenda hata usiku, na kulala pasipo na maji, ili kesho yake asubuhi wafike penye maji kabla ya jua kali. Hii ilikuwa hekima ya watu waliojua tangu zamani umbali wa kisima hata kisima. Mgeni asiyejua visima vilipo hawezi kutelekeza. Aweza tu kwenda na kutumaini.

Tena iko hesabu ambayo kila mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake ubaoni. Mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata ratli 60 au 70. Posho ya mtu ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, nacho tukikadirie kuwa ratli moja na nusu. Watu 300 basi hula ratli 450 kwa siku moja, yaani mizigo saba. Kwa pori la siku kumi yatakiwa mizigo sabini ya chakula kitupu, na watu sabini wa kuichukua, nao hao hawawezi kuchukua nguo wala shanga za kununulia chakula cha mbele. Kwa hiyo msafara mkubwa haukuweza kamwe kujilisha wenyewe. Uliishi kwa mashamba ya wenyeji, nao ukitoka penye mashamba ulikuwa na siku chache tu za kuvuka kabla njaa haijaupata.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Msafara ule uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, watu 356 kwa hesabu ya mkuu wao. Wazungu walikuwa wanne: Stanley, ndugu wawili Francis na Edward Pocock, na Frederick Barker. Wengine walikuwa watu wa Unguja na bara, ambao kitabu chawaita Wangwana, yaani waungwana, na pamoja nao Wanyamwezi. Mnyapara wao mkuu alikuwa Manwa Sera. Katika mizigo yao ilikuwamo mashua, Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyokatwa vipande ili wachukuzi waweze kuibeba. Wasomaji wafikiri mwenyewe jinsi kipande cha mashua kinavyopita katika kichaka cha miiba.

Njia iliyozoewa na misafara ilitoka Ugogo kwenda Unyanyembe. Stanley hakuifuata, alitaka kufika Ziwa Viktoria kwa njia fupi zaidi, akageuka kaskazini. Mapema mwezi wa Januari 1875 waliingia katika vichaka vilivyo nje ya Ugogo, nchi ambayo hata leo vichaka vyake vya Itigi vyajulikana kwa kusongamana. Walikuwa na viongozi waliokodiwa, lakini hao walitoroka. Baada ya hapo njia ilipotea kati ya mapito ya tembo na vifaru, maana mnyama naye hufanya njia, ila haiendi kijijini. Wakaenda kwa dira, wakikata miti. Watu wengine wakabaki nyuma wasionekane tena, wengine wakafa kwa njaa na kiu na uchovu.

Walipofika Uveriveri walikuta makao madogo tu, yasiyo na nafaka ya kuuza. Hapo Stanley akatuma watu wenye nguvu watangulie mpaka Suna, katika nchi ya Wanyaturu, wakanunue chakula. Wakati wa kungoja, sanduku la bati lilimwagwa vitu vyake, likatiwa maji, nao wakapika uji mwepesi kwa unga uliokuwa akiba ya Wazungu. Uji huo ukagawiwa watu zaidi ya mia mbili. Waliotumwa wakarudi na nafaka, msafara ukaokoka. Tuone basi ni nini kilichowaokoa. Haikuwa bunduki wala dira, bali jembe la Mnyaturu aliyekuwa amelima mwaka uliotangulia na kuweka akiba ghalani.

Wengi walifika Suna wagonjwa. Edward Pocock alishikwa na homa kali, akachukuliwa kwa machela mpaka mahali ambapo kitabu chapaita Chiwyu, akafa huko tarehe 17 Januari. Walimzika chini ya mti, wakachanja msalaba katika gome lake.

Siku chache baadaye walifika Vinyata, na hapa yatupasa kwenda polepole, kwa kuwa tuna ushuhuda wa upande mmoja tu. Stanley asema kwamba mganga wa mahali pale aliwajia kwa amani, akapewa zawadi, na watu wakaleta maziwa na chakula. Katika siku zile mmoja wa watu wa msafara, Kaif Halleck, aliyewahi kumpelekea Livingstone barua, alikuwa amebaki nyuma kwa ugonjwa, akaonekana ameuawa. Kisha wenyeji wakaja na silaha wakilalamika kwamba watu wa msafara wameiba maziwa na siagi. Stanley akalipa nguo, shauri likaonekana limekwisha. Lakini kijana mmoja wa msafara aliyekwenda kutafuta kuni akauawa, vita ikaanza, ikaendelea mwishoni mwa Januari. Kikosi kimoja, cha Farjalla Christie, kiliangamia karibu chote, na kwa jumla watu zaidi ya ishirini wa msafara waliuawa. Stanley naye aliteketeza vijiji na kuchukua nafaka iliyokuwamo.

Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1878, chaeleza mambo hayo kama hila ya watu wakali. Sisi hatuwezi kuwahukumu wale waliokufa miaka mingi iliyopita, wala wa upande huu wala wa upande ule. Lakini twaweza kuuliza maswali ambayo mwandishi hakuyauliza. Januari ni mwezi wa mvua na wa kulima. Chakula cha mwaka jana chapungua, cha mwaka huu bado. Katika mwezi huo laingia jeshi la wageni mamia kwa mamia, wenye bunduki, wenye njaa, wasiofuata njia iliyozoewa na wafanya biashara. Mwenye nyumba angewaonaje? Tena wizi wa maziwa, ambao mgeni aliuhesabu kuwa neno dogo la kulipwa kwa mikono michache ya nguo, si dogo kwa watu wafugao. Hatusemi hayo ili kuhalalisha kumwaga damu. Twasema kwamba aliyesoma kitabu kimoja amesikia shahidi mmoja, na hakimu mwema hakati shauri kwa shahidi mmoja.

Kutoka Vinyata waliingia Iramba, wakafika Mgongo Tembo. Hatudai kwamba walipita Kinampanda penyewe, lakini walikuwa katika nchi ya Wanyiramba, na huko walipokewa vizuri, wakapata chakula. Kisha wakavuka mbuga ambayo kitabu chaiita Luwamberi, ndiyo Wembere yetu, uwanda ulio sawasawa na wenye wanyama tele, wakaingia Usukuma. Tarehe 27 Februari 1875 wakafika Kagehyi, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Siku zilikuwa 103 na maili 720 tangu Bagamoyo. Majina yalipoitwa, Wangwana walioitikia walikuwa 166, hata nusu ya walioondoka pwani hawakutimia. Si wote waliokosekana waliokufa, maana wengi walitoroka. Lakini kutoroka nako ni ushuhuda wa mateso ya njia.

Liko neno moja zaidi, nalo lahusu maji. Stanley alipoona vijito vya Unyaturu alidhani amefikia chemchemi za kusini kabisa za mto Nile. Alifikiri kwamba maji yale huenda kaskazini na kuingia Ziwa Viktoria kwa mto Simiyu. Sivyo. Maji ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri, na kutoka huko hushuka kwa mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi, ambalo halina mto wa kutokea. Hapo hukauka kwa jua na kuacha chumvi. Tone moja halifiki Misri. Jambo hilo halikuwa siri: wavuvi wa Kitangiri na wachungaji wa ng'ombe wa bonde lile walijua maji yao yaelekea wapi. Kosa lile liliandikwa katika ramani za mbali wakati ambapo jibu lilikuwa katika vinywa vya watu wa karibu. Kuuliza si ujinga, wasema wazee. Nasi twaongeza kwamba kutouliza huweza kuchora mto usiokuwapo.

Basi tukusanye maneno haya. Mara tatu katika safari ile shida ilikuwa moja. Porini walikosa kirongozi, wakapotea. Vinyata walikosa mtu wa kuwaeleza wenyeji kwa wageni na wageni kwa wenyeji, wakauana. Mtoni hawakuuliza, wakakosea. Nguvu zao zilikuwa nyingi, na uvumilivu wa wapagazi ulikuwa wa ajabu kweli. Lakini nguvu na uvumilivu havichukui mahali pa maarifa ya mwenyeji.

Walimu wasomao gazeti hili wanayo nafasi ambayo Stanley hakuwa nayo. Kinampanda pana chuo cha ualimu, ambacho mizizi yake ni kazi ya misheni ya Kilutheri katika nchi hii. Wamisionari wa Leipzig waliofika Iramba kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na wale wa Augustana wa Marekani waliokuja katika miaka ya 1920, waliongozwa na wenyeji katika njia na katika lugha. Wainjilisti na walimu wa kwanza walikwenda kutoka kijiji hata kijiji kwa miguu, wakiuliza njia. Hii ndiyo sababu walifika.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. La kwanza, mwalimu afundishapo safari za zamani, amtaje mpagazi pamoja na mkuu wa msafara. Si kazi ngumu, kwa sababu Stanley mwenyewe, na hili tumpe haki yake, aliweka mwishoni mwa kitabu chake orodha za majina ya watu wake, waliokufa na waliorudi Unguja mwaka 1877. Mtoto akisikia Manwa Sera na Farjalla, atajua kwamba historia ya nchi hii ilitembea kwa miguu ya watu wenye majina. La pili, kila mmoja akusanye kwa wazee wa mahali pake majina ya mapito, visima, vilima na mbuga, kwa Kinyiramba, Kinyaturu, Kinyisanzu na lugha nyingine, pamoja na maana zake. Majina ya kitabu kile, kama Chiwyu na Luwamberi, yaliandikwa na sikio geni. Nani atakayeyasahihisha ila ninyi?

Jina la kisima ni nusu ya njia ya kukifikia. Wazee wanaojua majina hayo hawatungoji, nayo yakizikwa pamoja nao, pori litakuwa tupu kwa wajukuu wao kama lilivyokuwa kwa mgeni yule.