Makaburi ya Wapolandi pale Tengeru

Leo desa nimeliweka pembeni, tuongee historia kidogo. Wangapi humu tunashuka Tengeru siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi, tunabeba ndizi zetu tunarudi hosteli, wakati jirani tu, kwenye eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi 149 ya watu kutoka Polandi?

Hawa hawakuwa masetla. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwang'oa makwao, mashariki ya Polandi, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Hitler alipoishambulia nchi ya Stalin mwaka 1941, Stalin naye akahitaji marafiki, ndiyo wakaachiwa. Mwaka 1942 wakavushwa hadi Iran. Wanaume wenye nguvu wakaingia jeshini. Akina mama, watoto na wazee Waingereza wakawagawa kwenye makoloni yao, na Tengeru peke yake ikapokea kama 5,000. Hakukuwa na kambi ya Wapolandi kubwa kuliko hiyo Afrika nzima.

Makaburi yakaanza na kambi yenyewe. Watu wamefika wamekwisha kwa njaa na safari, halafu wanakutana na malaria. Wakajenga kanisa, shule, hospitali, na ikabidi watafute pa kuzikana. Na kila mtu akilini anajua yuko hapa kwa muda tu, vita iishe arudi.

Vita ikaisha mwaka 1945, lakini kwao hakukuwa kwao tena, kulishachukuliwa na Wasovieti. Wengi wakagoma kurudi. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 wakapelekwa Kanada. Wengine Uingereza, Australia, basi kambi ikafa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi yakabaki.

Sasa kuna hili ambalo wengi wakisimulia habari za Tengeru wanaliruka. Mwaka 1951, serikali ileile ya Waingereza iliyowapa hawa hifadhi iliwafukuza Wameru kama 3,000 kule Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima huuhuu, ili ardhi ipewe masetla. Kirilo Japhet akaenda hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Mimi siwezi tena kusoma habari moja nikaiacha nyingine.

Mkienda, msiishie kwenye misalaba. Tafuteni na kaburi lenye nyota ya Daudi.